Karibu Yenye Haikukuwa na Mugeni

Wewe maman mwenye ulianguka juzi, na wewe mutoto mwenye umekaa pembeni ya kitanda yake unamulilia sawa vile alisha kufa, ninyi njo ninasemea. Mimi ni Maman Déo, muuzaji wa sambaza, wa hapa Kadutu, ku nyumba ya mbao pembeni ya zile ngazi za udongo zenye batu banaangukaka wakati ya mvula. Shule nilisoma deuxième primaire, darasa ya pili tu, nikatoka. Donc usitafute hapa mambo ya munganga, hiyo siijue. Nitakuelezea tu vile nilibakia na neno moja mu kinywa, na vile ile neno ilikuwa karibu kunitosha mu nyumba ya mutoto yangu.

Ilikuwa asubui, jua inapiga muzuri. Nilikuwa nimekaa chini mu salon, lungo ya samaki ku magoti, ninatosha zenye zilivunjika kichwa. Juu batu ya Bukavu, ukibauzishia sambaza ya bila kichwa, batakuuliza kichwa ilienda wapi, na asubui yako itaishia mu ile palabre, mabishano tu. Mulango ilikuwa wazi, rideau tu, nguo ya mulango, njo ilikuwa imeshuka. Nikasikia sauti ku inje:

«Hodi.»

Sauti ya mutu muzima. Haikukuwa ya mwanaume, haikukuwa ya mwanamuke. Pole pole, sawa mutu mwenye hana haraka. Nikajibu: «Karibu!» Mutu hakuingia. Rideau ikajaa ku ndani kidogo, ikarudi, sawa mutu anapumua nyuma yake. «Karibu!» Hakuna. Sasa nikataka kumutania, nikataka kusema: weye, viti yetu inauma? Lakini kinywa ikasema: «Karibu.» Nikataka kusimama, kumbe muguu ya kuume haiko yangu tena. Nikaanguka, sambaza zote zikamwangika. Na mimi hapo katikati yao, zinaniangalia na ile macho yao ndogo-ndogo, mingi vile, na kinywa yangu inaendelea peke yake: karibu, karibu, karibu.

Mutoto yangu Déo, yeye ni menuisier, fundi wa mbao, atelier yake iko chini ya ngazi. Alinibeba ku mugongo mupaka ku barabara. Ku hôpital batu balijaa ku bancs ya couloir, benye kuvunjika, benye batoto ya homa. Tulingoja. Mate ilikuwa inanishuka ku shavu ya kuume na sikuisikia, ni Déo alikuwa anapangusa na shati yake. Kisha munganga akasema ni AVC, mushipa ya mu kichwa imepasuka. Infirmière, musaidizi wa munganga, akakuya na karatasi:

«Maman, jina yako ni nani?»

«Karibu.»

«Jina ya baba yako?»

«Karibu.»

«Unasikia maumivu?»

«Karibu!»

Akacheka, mutoto wa batu, hakukuwa mubaya. Akamwambia Déo: «Mama yako iko na adabu sana.»

Mu kichwa yangu, banangu, maneno yote ilikuwa. Hiyo ninataka musikie muzuri, ninyi benye munakaa na bagonjwa. Jina ya baba yangu nilikuwa naiona, sawa vile unaona kikombe ku étagère ya juu. Ila nikinyoosha mukono kuikamata, mukono inarudi na karibu.

Mu salle tulikuwa bamama sita. Moja wa karibu na dirisha alikuwa mugonjwa sana, kila mutu alikuwa anajua. Asubui moja nikaona kivuli inapita mu couloir, inasimama ku mulango yetu. Nikafikiri ni infirmière, nikataka kumuomba maji. «Karibu!» nikasema, na nguvu. Kivuli ikaingia. Batu nyuma yake hakuna. Ule mama wa dirisha akageuza kichwa, akaangalia ku mulango sawa mutu mwenye anajua mugeni, akapumua, akamaliza.

Kuanzia pale hakuna mwenye alinisalimia tena. Bandugu ya bale bagonjwa bengine bakaongea na sauti ya chini, kisha bakakamata kitanda yangu, benye kuchukua kichwa, benye kuchukua miguu, bakanigeuza uso ku ukuta. «Ule mama muzee, koko ule, aite ukuta,» moja akasema.

Ni muke moja tu wa kupangusa chini hakuniogopa. Kila asubui anapita na serpillière yake, nasema «karibu», na yeye anajibu: «Aksanti Maman, leo niko mbio, kesho nitakunywa chai.» Kila asubui. Chai haikukuwa, hata maji ya moto haikukuwa, lakini ule mama alinikamata kuwa mutu mwenye nyumba. Jina yake sikuijua. Kama eko anasikia hii, chai yake iko.

Wakanirudisha ku nyumba mwanzo wa kiangazi, vumbi iko mu hewa. Mukono ya kuume ilikuwa inaning'inia sawa mukono ya mutu mwingine yenye nilisahaulia ku mwili yangu. Asubui naamuka, naisikia baridi ku tumbo, naogopa: nani amelala hapa? Kumbe ni mimi. Nsimire, muke ya Déo, alikuwa ananiosha, ananikulisha bouillie na kijiko. Alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo ndio inaanza kuonekana. Mutoto wa adabu, ananiita Maman. Lakini niliona hataki kuwa kati yangu na mulango.

Na alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ya kuchekesha. Banatiaka kiti yangu pembeni ya mulango nipate jua, na watu wanapanda ngazi mbele yetu kutwa nzima. Mutu anapita, mimi nataka kusema jambo, natosha «karibu!» Na hapa kwetu, ukiambia mutu karibu, utamufukuza namna gani? Aliingia muuzaji wa nyanya, akaingia bahubiri mbili na kitabu yao, akaingia papa moja mulevi akakula foufou ya Déo, akasema aksanti sana mama, akaondoka. Siku moja Nsimire anatoka kuteka maji ku robinet, anakuta batu tano mu salon, banangojea chakula, na mimi mu kiti ninabakaribisha bado. Nilicheka mupaka machozi. Kucheka kwangu ilibakia nzima, yenyewe haikupooza.

Sababu ya pili haichekeshe. Kuko saa, ngazi iko wazi, mutu hata moja hakuna, upepo hakuna, na rideau inajaa ku ndani pole pole. Na mimi, kinywa yangu inasema «karibu». Sikuiambia iseme.

Asubui moja nilibasikia nyuma ya mbao za chumba.

«Déo, mama yako anaita nani?»

«Haite mutu. Ni ugonjwa.»

«Mutu hakaribishake rideau, Déo. Kuko kitu inamusikia. Siku moja itaitika, na mimi niko na mutoto mu tumbo.»

 Déo akasema: «Basi nitamupeleka Walungu, kwa tonton. Mbele uzale, kabla mutoto afike.»

«Mbele nizale. Nisamehe. Ninamupenda mama yako, lakini mbele nizale.»

Mimi nilingojea mujukuu yangu wa kwanza myaka mingi, nilikuwa nimesha kumunulia kofia. Walungu kwetu ni kuzuri, shamba, hewa. Lakini huko hakuna kiné, ule munganga wa kunizoezesha mukono, na muzee kaka yangu angeniweka pembeni ya moto na kunisahau. Ningekufa na neno moja, na ule mutoto hangejua hata sauti yangu. Nikataka kuita: Nsimire, mutoto yangu, siko naita mutu, kinywa iliharibika tu! Nikavuta pumuzi yote.

«Karibu.»



Rafiki yangu Maman Bahati njo aliniokoa. Tuliuza naye sambaza ku meza moja myaka mingi, na ku uzee wake alianza kusoma, nyuma ya kanisa ya paroisse, mu masomo ya bakubwa. Kiswahili ya kuandika, na Français kidogo. Akamwambia Déo: «Nipe mama yako mara mbili ku juma, mardi na jeudi.»

«Maman Bahati, hawezi kusema, atasoma nini?»

«Kwani hapa ku kiti anafanya nini? Anajaza nyumba yako balevi!»

Basi lundi na mercredi kiné, mardi na jeudi shule. Mimi, koko, na ardoise, kibao ya kuandikia, mu mufuko.

Mwalimu wetu ni Madame Régine, mama mufupi mwenye sauti ya chini. Ile darasa, banangu! Papa Bisimwa, masikio ilisha kufa, Madame anamukalisha mbele, anamuangalia mu uso kila akisema, hawezi kusema akiangalia tableau, ubao ya darasa. Aline, binti wa myaka makumi mbili, herufi zinamurukia, b inakuwa d, d inakuwa b. Yeye Madame alimujazia muchanga mu plateau, anaandika na kidole, ukubwa sawa kichwa ya mutu, mupaka kidole ijue kabla ya macho. Maman Bahati macho yake ni mabaya, yeye anasomaka herufi kubwa-kubwa zenye ziliandikwa na makala ku carton. Somo ni moja, lakini kila mutu anaingilia mulango yake.

Na kulikuwa sheria moja tu: mule mutu hamalizake neno ya mwenzake. Ata kama unaijua. Ata kama inakuwasha ku ulimi. Unangoja. Ku nyumba, bote balikuwa wanamaliza juu yangu: «Anataka maji! Anataka kulala! Anataka dawa!» Juu ya mapendo, ninajua. Lakini kila mara wakimaliza, njia inafungika kidogo zaidi.

Siku ya kwanza Madame akaniuliza jina, nikasema karibu, nikangojea bacheke ao bageuze kiti yangu ku ukuta. Hakuna mwenye alicheka. Madame akaniangalia, akaangalia dirisha. Kiangazi ilikuwa inaisha, mawingu nyeusi ilikuwa inapanda kutoka ku ziwa. Akaniuliza pole pole:

«Maman Déo. Ile mvula, iko mbali ao iko karibu?»

Nikaangalia mawingu. Nikasema: «Karibu.»

«Anasema nini?» Papa Bisimwa akauliza.

Madame akamugeukia mu uso: «Anasema mvula iko karibu.»

«Karibu? Na mimi nilianika pantalon!» Akasimama, akakimbia, na fimbo yake na kila kitu. Na mvula ilinyesha, ya kwanza, na kelele ku mabati mupaka hatukusikilizana.

Mimi nililia. Juu ile neno yenye ilikuwa inatembea peke yake miezi yote, sawa mutu wa bila kwao, ile siku nilikuwa nimeitia fasi yake. Nilisema kitu na ilikuwa kweli, na mutu akaenda kuanua nguo yake.

Kutoka pale Madame alikuwa ananitafutia maulizo yenye jibu yake ni ile tu. Paroisse iko wapi na sisi? Karibu. Saa ya kurudi? Karibu. Muzigo yangu alinigeuzia kuwa kikapo. Kisha akasikia kwa Maman Bahati vile tulikuwa tunaita bateja. Bakapiga meza bote pamoja, sa-mba-za, sa-mba-za, na ile sauti ya soko ya kuvuta mu pua. Kinywa yangu ikaingia mule mu wimbo mbele nijue: «Sambaza! Sambaza karibu!» Maman Bahati akaruka: «Eko! Rafiki yangu eko mule ndani!» Kumbe maneno yenye kuimbwa inakaaka chumba ingine, na ile chumba haikuungua.

Siku ingine Madame akaniuliza: neno gani unaitaka mbele ya zote? Nikaonyesha mulango na mukono ya kushoto. Nikatia mukono ku sikio. Aline akaanza: «Anataka—» Madame akainua kidole. Bakangoja. Ule mama anajua kungoja. Nikaonyesha tena mulango, nikafungua kiganja, sawa mutu mwenye anauliza. Madame akaandika ku tableau, akanisomea, akapiga meza mara mbili: na-ni.

Nani. Hiyo njo neno yenye ilinikosea ile asubui ya kwanza. Nilikaribisha mbele niulize.

Tulipiga ile meza juma nyingi. Na. Na. Na. Siku moja ikatoka «naribu», Aline akacheka mupaka akamwanga muchanga, na mimi nikacheka naye. Ku nyumba, Nsimire tumbo imefika ku kinywa, mvula kila siku, na Déo akasema transport ya Walungu iko samedi. Akanifungia sac. Niliona kofia ya mutoto wanaiacha ku meza, na manguo yangu inaingia.

Vendredi asubui, kesho njo safari, tulikuwa mbili tu, mimi ku kiti, Nsimire anachagua maharagi. Mvula ilikuwa imetoka tu kukatika. Kimya, hata batoto ya jirani hawakuwa wanalia. Rideau ikajaa ku ndani.

«Hodi.»

Ile sauti. Ile ile, ya mutu wa bila haraka.

Nikaangalia Nsimire. Nyungu ya maharagi ilikuwa imesimama mu mikono yake, na macho ilikuwa ku rideau. Banangu, alisikia. Siku zote nilifikiri ni mimi peke yangu.

Karibu ilikuwa imesha kufika nyuma ya meno yangu. Nilikuwa naisikia inasukuma, sawa mbuzi mwenye aliona mulango wazi. Nsimire akaweka mikono yote mbili ku tumbo, akanitazama, akatikisa kichwa: hapana, Maman, hapana. Nikafunga kinywa. Nikatafuta mbao ya kiti na mukono ya kushoto. Nikapiga. Moja. Mbili.

«Na. Ni.»

Ku inje kimya.

Nikapiga tena, na sauti ya soko: «Nani?»

Rideau ikarudi, ikanyooka, ikatulia, nguo tu. Nsimire akasimama, mimi sikuelewa alipata nguvu wapi, akaifungua. Ngazi haina mutu. Chini mbele ya mulango udongo ilikuwa laini, sawa foufou yenye mutu hajagusa. Alama ya muguu hata moja hakuna, ata ya kuku.

Akarudi akakaa chini, karibu na magoti yangu. 

«Maman, umesema. Sema tena.»

«Nani?»

«Ni mimi, Nsimire.»

«Nani?»

«Mukamwana yako, mubaya, mwenye alitaka kukufukuza.» Akaanza kucheka na kulia mara moja. Kisha akaenda ku sac, akatosha manguo yangu moja moja, akarudisha ku misumari.

Déo akapanda magaribi kuuliza sac iko wapi.

«Maman haende,» Nsimire akasema.

«Ni wewe ulisema!»

«Nilisema. Sasa ninasema ingine. Ku mulango yetu kunapaswa mutu wa kuuliza.»

Déo akaniangalia. Nikamupigia kiti: «Nani?» Akakaa chini sawa mutu wa kuanguka, mutoto yangu, na vumbi ya mbao mu nywele.

Sasa ninaweza kusema, munasikia, mupaka bananiomba ninyamaze. Mukono ya kuume inakamata kijiko, haikamate kisu. Kuko siku maneno inapotea tena, napiga meza, inakuya. Nani alikuwa ku mulango, siijue. Munganga atakuambia ni mushipa. Basi, Nsimire naye alikuwa na mushipa gani?

Alizala katikati ya ile mvula, maneno yangu ikianza kurudi moja moja. Ile siku ya kutoka maternité nilisikia Déo ku ngazi anakohoa, na hatua pole pole. Nsimire, ni nyumba yake, angeingia tu. Akasimama inje ya rideau.

«Hodi.»

Nikapiga kiti, mara mbili. «Nani?»

«Ni Nsimire. Na Déo.» Kisha akaongeza: «Na Ansima, mujukuu yako.»

Kofia ilikuwa mu mukono yangu. Ile neno ilikuya yenyewe, lakini mara hii niliingojesha kidogo ku kinywa, niisikie utamu yake.

«Karibu.»

Wakaingia, moja, mbili, na ya tatu mu kitambaa. Nyuma yao rideau ikabaki imejaa ku ndani, haikurudi. Nikaangalia ngazi: mutu hakuna. Nikaangalia Déo.

«Batu tatu tu njo nilikaribisha,» nikamwambia, napiga kiti ku kila neno. «Funga mulango.»